Ngoma Iliyokatwa Mguu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa juu ya nguzo ya mti pale uwanjani Mtwara, bega langu limebeba spika ya tarumbeta, ile ya bati yenye mdomo mpana. Chini alisimama Fundi Mkuu, mtu mkali asiyejua kucheka.

"Kijana," alisema, "sikukuu ya Uhuru sauti ikikatika, watu hawatasema amplifaya imeungua. Watasema serikali imenyamaza. Kaza hizo skrubu!"

Nikakaza. Nimekaza skrubu maisha yangu yote ya utumishi, Newala, Masasi, kisha nikarudishwa hapa hapa Mtwara. Ninyi mnaotembea na spika mfukoni hamjui taabu ya kufunga mitambo. Waya ukipita karibu na waya wa umeme, unanguruma. Kipaza sauti kikielekea spika, kinapiga yowe mpaka mgeni rasmi anaziba masikio, na lawama zote ni za fundi.

Mtu mmoja tu hakuhitaji mitambo yangu. Mzee Chitanda wa Likombe, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji, alikuwa mpiga ngoma wa kikundi chetu cha utamaduni. Ngoma yake ilichongwa kwa gogo moja, na chini ilikuwa na mguu uliochongoka kama mwiba. Aliikita ardhini, akaiotesha moto wa makuti ngozi ikaze, kisha akapiga. Ufukoni walisikia. Siku zile tukisema sikukuu ina wanamuziki wapendwa wa nchi, yeye alikuwa mmoja wao, na watu walimbeba mabegani.

Halafu likaja jukwaa la mbao, na wasanii kutoka Dar es Salaam, na kamera za kurusha sherehe mubashara. Mratibu wa Sherehe, bwana mwenye suti na miwani ya jua, akatuita kwenye mazoezi.

"Mzee, ngoma yako haisimami kwenye mbao," alisema.

"Nangu, mimi, napiga chini, mwanangu. Ngoma hii inataka udongo."

"Chini hakuna kamera. Ukitaka nchi ikusikie, panda juu. Huo mguu si ukatwe?"

Niliingilia kati. Nikasema nitavuta waya mrefu, nimwekee kipaza sauti pale pale mchangani.

"Waya upite kwenye zulia la viongozi?" akaniuliza. "Fundi, baki na spika zako."

Jioni nilimfuata Mzee Chitanda kwake Likombe, nimsihi asikubali. Nilimkuta ameketi uani, msumeno uko miguuni, mguu wa ngoma umelala pembeni. Mkewe alikuwa amemgeuzia mgongo, anamenya mihogo kwa hasira.

"Shikamoo, Mzee. Umeikata?"

"Marahaba. Nimeikata. Dada yangu yuko Dodoma, hajanisikia tangu aolewe. Kesho atanisikia."

Nikamsaidia kupiga msasa.

Siku ya Uhuru alivaa kanzu yake nyeupe, akakaa nyuma ya jukwaa tangu asubuhi. Hata moto wa makuti alikatazwa, eti usalama, akabaki anaisugua ngozi kwa viganja. Msanii mkubwa alichelewa hotelini. Alipofika aliimba juu ya muziki uliokwisha rekodiwa, akafungua mdomo na kufumba, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Aliongezewa muda. Hotuba nazo zikafuata. Mwisho mshereheshaji akatangaza kwamba ngoma ya asili itawasindikiza wageni kwenye magari.

Mzee akapanda jukwaani, akaiweka ngoma, akapiga. Vijana wa mitambo ya kukodi, maana yangu ilikuwa imeachwa stoo, walikuwa tayari wanakunja waya. Kamera zilikuwa zimezimwa. Alipiga akitazama migongo ya watu. Kisha akanigeukia.

"Fundi, nasikika?"

Nikatikisa kichwa kwamba hasikiki.

Akashuka mpaka mchangani, akainua ngoma juu na kuikita kama alivyozoea miaka yote. Ikaanguka. Akaiinua, akaikita tena, ikaanguka tena. Wapo waliocheka. Tangu siku ile hakupiga ngoma mpaka tulipomzika. Mkewe alinipa ile ngoma, akasema hataki kuiona ndani mwake.

Mimi nimestaafu. Niliagwa kwa soda na saa ya ukutani, na nina uchungu ambao uzee haujaupoza. Tuliambiwa tunaileta ngoma yetu mbele ya taifa, kumbe tulikuwa tunaiandalia mahali pa kukaa kimya. Mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa na waya tu.

Uhuru uliopita niliketi nyumbani. Redio iliita wasikilizaji wachague wanamuziki wao wapendwa, na tangu asubuhi zilipigwa nyimbo walizozichagua. Mkwe wangu alikuja kunisalimia. Niliporudi kutoka msikitini nilimkuta sebuleni ameikalia ile ngoma juu ya sakafu ya saruji, anatikisa kichwa kufuata muziki.

"Baba," aliniambia kwa adabu, "kigoda chako kizuri. Hakiyumbi hata kidogo."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Ilikuwa imekaa sawasawa, kama Mratibu alivyotaka.