Tindiga la Bibi Kule Uporoto

Mimi sikai, rafiki yangu. Wajukuu zangu hapa Iringa wananicheka kwamba kiti changu hakijawahi kupata joto, na sina la kujitetea. Juzi nilikwenda Uporoto, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, na wenzangu wakiwa kwenye pilau nikawatoroka, nikapanda mlima na viatu vyangu vya harusini kwenda kutazama tindiga la bibi. Nikakuta viazi. Matuta ya viazi kutoka huku hadi kule, ardhi kavu, na kijana mwenye shamba akanipa shikamoo na kuniuliza kwa adabu kama nimepotea. Nilimwambia hapana, lakini nilisimama pale muda mrefu mno kwa mtu asiyepotea.

Ngoja nikueleze palivyokuwa miaka ile ya hamsini. Nyumba ya bibi, mama mzaa baba, ilikuwa peke yake juu kabisa, ambako mahindi hayakubali na baridi inaingia hadi kwenye meno. Mbele yake palitanda tindiga. Usifikirie ziwa wala bwawa; yalikuwa majani na vichaka vifupi vya kufika magotini, vimeshikana pande zote, vyenye vijani vidogo kuliko punje za ulezi. Ardhi ya chini ilikuwa nyeusi na laini, imeshika maji kama dodoki mwaka mzima. Ukikanyaga, maji ya baridi yanapanda katikati ya vidole. Ukiruka, vichaka vya mbele yako vinatikisika, kana kwamba kuna mtu chini anajigeuza kitandani. Mvua zikilegea vilitoa maua meupe yenye wekundu kidogo, na katikati yake yakachomoza mengine marefu, ya rangi ya moto. Tulicheza humo hadi tukaitwa kwa ukali.

Nilikaa kwa bibi kumsaidia kazi. Nilichota maji kwenye chemchemi iliyotoka ukingoni mwa tindiga, nikavunja vijiti vya kuwashia moto. Vichaka vile vikishakauka vilishika moto upesi, vikipasukapasuka, na moshi wake mtamu uliingia kwenye viazi, kwenye maziwa mgando, kwenye nywele. Jumapili kanisani wenzangu walijua nimekaa benchi gani bila kugeuka. Bibi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye haraka. Huku kutotulia kwangu najua nimekutoa wapi. Baba alimbembeleza kila mara ashuke akaishi naye bondeni, na jibu lilikuwa lile lile: hapa aliletwa akiwa bibi harusi, hapa alimzika mume wake, na maadamu chemchemi inatoka, haendi kuishi nyumbani kwa mtu.

Kisha jirani yetu wa bondeni akarudi kutoka Usangu. Alikuwa amelima mpunga huko, na kazi ya kuchimba mifereji ilikuwa mikononi mwake. Akamwambia baba kwamba tindiga lile ni shamba lililolala bure. Yatoe maji pembeni, upande pareto. Wakati ule pareto ilikuwa imewapanda watu kichwani. Bibi alisimama ukingoni, kajifunga blanketi.

"Hapo ndipo penye maji yangu," alisema.

"Mama, maji hayaendi popote," baba akamjibu. "Tunayasogeza tu."

Bibi akaingia jikoni na kupiga masufuria. Mfereji ukachimbwa. Maji yalitoka kwa kelele, baadaye kwa kunong'ona, na kiangazi kilipokolea nikaweza kuvuka tindiga zima bila kulowa. Ncha za vichaka zilikuwa zimegeuka kahawia.

Sasa sikiliza. Kwetu kila mwisho wa kiangazi watu walichoma mlima ili ng'ombe wapate majani mapya. Moto uliwashwa ng'ambo ya tindiga ukaachwa, maana kila mtu alijua ukifika tindigani utakufa wenyewe. Hakuna aliyewahi kuulinda. Tangu mababu, tindiga ndilo lililokuwa mlinzi, na mazoea ni kitu kibaya sana. Baba aliwasha kama kawaida, akaja kwa bibi kula viazi. Tulikuwa tunavimenya bado vya moto tuliposikia vichaka vinalia.

"Utazimika," alisema baba, hata kiazi hakukiweka chini. Bibi naye akanisukumia maziwa. Hakuna aliyekumbuka mfereji, mpaka moshi ulipoingia mlangoni.

Watu walipanda kutoka bondeni, tukaupiga kwa matawi hadi jioni, miale ikaisha, watu wakamshukuru Mungu wakaenda zao. Kesho yake moshi ulikuwa bado unatoka, na safari hii ulitoka ardhini. Udongo wenyewe ulikuwa unaungua, ule mweusi uliojaa mizizi ya miaka na miaka. Ukimwaga maji hapa, moshi unatokea kule. Baba alikonda. Bibi hakukaa hata kula, alizunguka peku, akiusikia moto kwa nyayo, anamwambia baba, "Hapa. Na hapa." Niliogopa, rafiki yangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Mvua ndizo zilizouzima.

Majani yaliota. Vichaka havikuota. Chemchemi ilitoa maji yenye majivu, na kiangazi kilichofuata ikatoa matope, halafu basi. Bibi aliingiza kata ikakwaruza jiwe. Akanituma kwa baba na maneno machache: aje achukue kitanda. Baba alikibeba mwenyewe kichwani hadi bondeni, bibi akimfuata na kata yake mkononi. Ningependa bibi angemgombeza.

Pareto haikupandwa. Baba aliufukia ule mfereji peke yake, akawa anapanda kule kila alipopata nafasi, na mara nyingi nilifuatana naye. Tulikuta ukavu, na mashimo pale udongo ulipoungua. Tukirudi, bibi yuko uani anasubiri, miguu yake imeshaanza kumkatalia kupanda mlima.

"Vimeota?" anamuuliza.

"Vinaota, mama."

"Na maua?"

"Meupe, yana wekundu kidogo."

Bibi anaitikia kwa kichwa, anamwambia aoshe mikono ale. Ilikuwa hivyo hadi alipofariki. Sijui alimwamini au alimhurumia. Baba naye ameshakwenda, tindiga limekwenda, na swali hilo nimebaki nalo mimi, sina wa kumuuliza.