Meza ya Treni Iliyogoma Mlangoni

Fundi saa alikuwa mtu wa kukagua. Akinunua nyanya, alizigeuza moja moja kama anayetafuta sura ya ndugu yake. Mkewe, mshonaji, alikwisha kumzoea, ila siku aliyomwambia wanakwenda kuangalia treni ya kununua, alicheka hadi sindano ikamponyoka.

"Treni ya kuchezea? Mzee mzima!"

"Si ya kuchezea," fundi alinuna. "Ni ya mfano."

Ilikuwa kwa mjane wa mwokaji mikate, mtaa wa pili. Marehemu aliijenga mwenyewe katika chumba cha nyuma: meza pana yenye reli za kuzunguka, stesheni, vilima vya plasta na miti ya sifongo. Sasa binti yao alikuwa anarudi nyumbani, na chumba kilitakiwa kuwekwa kitanda.

"Inafanya kazi vizuri kabisa," mjane alisema. "Karibuni muitazame."

Fundi hakuitazama, aliipekua. Alipitisha kitambaa cheupe juu ya reli, kikatoka cheusi, akaguna. Akainusa transfoma iliyopeleka umeme kwenye reli kujua kama iliwahi kuungua, akaguna tena. Kisha akaingia uvunguni kufuata nyaya, ikabaki miguu tu.

"Mwenzio yuko salama huko?" mjane aliuliza.

"Mwache, dada. Hata mimi alinikagua hivyo hivyo kabla hajanioa. Nashukuru hakuninusa."

"Nyaya zimepangwa vizuri mno," sauti ilitoka chini ya meza, ikiwa na wivu kidogo.

Alipoibuka, utando wa buibui kichwani, aliomba treni iwashwe. Ikatambaa, ikavuka daraja, ikafika karibu na stesheni ikasimama kimya. Akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka tena, ikakwama palepale.

"Hapo huwa inapumzika," mjane alieleza. "Ndivyo mume wangu alivyoniambia."

Fundi aliinama. Kiungo cha reli kilikuwa kimelegea. Kasoro kama hiyo ndiyo aliyokuja kuitafuta, ili apate pa kuanzia kuvutana bei. Lakini alimwona mjane anavyoiangalia ile treni, akatoa koleo mfukoni na kukibana kiungo. Treni ikapita stesheni bila kusita.

Mjane aliketi. "Kumbe alinidanganya!" alisema, akicheka huku anafuta macho. "Miaka yote hiyo, eti inapumzika!"

Fundi aliikubali bei bila kubisha. Mkewe alimkodolea macho kama aliyebadilishiwa mume.

Wakaiinua. Meza ikagoma mlangoni. Wakaigeuza ubavu, vilima vikaanza kumwaga plasta.

"Umekagua hadi buibui," mkewe alisema. "Mlango je?"

Marehemu aliijengea mle mle ndani, na ilikuwa haitoki bila kukatwa. Fundi aliletewa msumeno, akausimamisha juu ya kazi ya mwenzake, mkono ukakataa kushuka.

Mkewe alitoa chaki mkobani. Akaizunguka meza, midomo ameibana, akachora mstari uliopita kati ya stesheni na kilima bila kugusa nyumba hata moja.

"Kata hapa. Tukiiunga, mshono hautaonekana."

Akakata.

Jumapili moja mjane na binti yake walikwenda kuiona ilivyowekwa. Walimkuta fundi kwenye kigoda, akisubiri zamu yake. Mkewe ndiye aliyeshika swichi ya mwendo, na alikuwa akimwambia asimharakishe, abiria bado wanapanda.