Teke la Chumba cha Dharura

Daktari mmoja alipokuwa mwanafunzi, profesa wake alikuwa akimgonga vifundo vya vidole kwa koleo la chuma kila aliposhindwa kujibu mbele ya mgonjwa. Vifundo viwili havikunyooka tena. Alipopewa darasa lake mwenyewe, aliapa kwamba hakuna atakayeaibishwa kitandani pa mgonjwa kwa jambo ambalo hakufundishwa.

Basi akageuza mambo juu chini. Masomo aliyarekodi jikoni kwake, mdogo wake wa kike akimshikia simu, yeye akipitisha mrija katikati ya mbavu za mbuzi kutoka buchani. Wanafunzi waliyaangalia nyumbani, mara wapendazo. Asubuhi hospitalini hakukuwa na hotuba, ilikuwa mikono na maswali tu. Wakamwita Mama Simu. Madaktari wenzake walimsengenya kwamba anafundisha akiwa amelala.

Jumanne moja saa nne asubuhi, akiwa na wanafunzi sita katika chumba cha dharura, aliletwa dereva wa lori aliyechomwa kisu ubavuni. Aliyemchoma alikuwa shemeji yake, baada ya kumkuta dada yake, mke wa dereva, ameng'olewa meno mawili kwa ngumi za mumewe. Kisu kilikuwa kimetoboa pafu, na hewa iliyovuja ilikuwa ikimbana kifuani. Midomo ya dereva ilikuwa rangi ya majivu, mishipa ya shingo imetuna.

Daktari alikuwa anavaa glavu mlango uliposukumwa kwa teke. Shemeji alikuwa amekuja kumalizia. Kisu alikwisha kunyang'anywa getini, kwa hiyo akanyakua stendi ya dripu. Pigo la kwanza lilipasua taa. La pili lililenga kichwa cha dereva, lakini daktari akaingia kati, likamvunja mtulinga wa bega la kulia. Wote waliusikia mfupa ukikatika kama ukuni mkavu.

Mhudumu wa machela alimrukia yule mtu kwa nyuma, wakaangukia trei ya vyuma. Walibiringishana kwenye vioo na damu, wakiumana na kukabana, mpaka mhudumu akamkalia mgongoni na kumfunga mikono kwa bandeji. Hapo ndipo mwanafunzi mmoja mrefu, aliyeitwa Twiga, alipopiga hatua mbele na kumpiga yule aliyefungwa teke la uso. Akarudia.

Dereva alikuwa haoni wala hasikii. Daktari aliketi chini, mgongo ukutani, mkono umening'inia.

"Somo la mrija mmeliangalia?" aliuliza.

Wote waliitikia.

"Basi fanyeni. Nipo hapa."

Msichana mmoja, mkimya kuliko wote, alishika wembe wa upasuaji. "Juu ya ubavu, si chini yake," alijisemea, akakata, akaingiza kidole. Hewa ilifoka pamoja na damu, ikamrukia mpaka shingoni. Mrija ulipokaa, dereva alivuta pumzi, akakohoa, kisha akaanza kuwatukana wote waliomzunguka.

Daktari akawaelekeza kwa shemeji. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba, damu ikichuruzika. Twiga alisema hatamgusa mtu aliyemvunja mwalimu wake mfupa.

"Na wewe umempiga akiwa amefungwa," daktari alimjibu. "Nimeona."

Dereva alipona. Shemeji alipoteza jicho, akalazwa chini ya ulinzi wa polisi. Dada yake alikuja kumwona kila mchana, akipita kitanda cha mumewe bila kugeuza shingo.

Wiki ya tano daktari alirudi kazini, chuma kimefungwa begani. Safari hiyo hakuwatumia wanafunzi wake somo la kurekodi. Aliwatumia maandishi mafupi tu: nani alimpiga yule mtu teke, na kwa nini hakuna aliyemzuia? Kesho yake darasani Twiga alisimama mwenyewe. Wenzake wakakiri mmoja mmoja kwamba walimwona, na kwamba walifurahi.

"Mimi pia," daktari alisema. "Teke la kwanza lilinipoza roho. La pili ndilo lililonitisha."

Chuo kilimsimamisha Twiga mwaka mzima. Kabla adhabu haijaanza, aliomba asafishe kidonda cha jicho la yule shemeji. Asubuhi ya kwanza alitemewa mate usoni. Ya pili vilevile. Ya tatu mgonjwa aligeuzia uso dirishani, akamwachia kazi. Siku chache baadaye polisi walikuja kumchukua kwenda gerezani.

Twiga alirudi mwaka uliofuata, akamaliza masomo. Dereva alirudi kwenye lori lake, lakini nyumbani hakumkuta mtu. Daktari anaendelea kurekodi jikoni kwake. Mkono wa kulia haupandi tena juu ya bega, kwa hiyo sasa mdogo wake ndiye anayeshika vyuma, naye daktari anaelekeza.