Nilivyosamehewa Kosa la Kuinua Mzega

Vita vilipokwisha, skuli yetu ya Changamwe iliambiwa ijitayarishe kwa gwaride, na mimi nikaitaka ile ngoma kubwa kuliko nilivyopata kutaka kitu. Mpiga ngoma hutangulia mbele, wasichana wakamwona vizuri. Mwalimu akasema ngoma ile nzito, haipewi mabega ya kuku. Atakayeinua mzega mara nyingi zaidi ndiye.

Mzega ni ule mti wa wachota maji, na debe kila upande. Tukatia mchanga, tukayakaza madebe yasibembee. Sheria ilikuwa uusukume toka kifuani hadi juu ya kichwa, mikono inyooke, wala usiushushe mpaka mwalimu aseme "Shusha." Nilijizoeza uani mwezi mzima, mama akidhani nimepandwa na mashetani.

Mshindani wangu, mwenye shingo kama kinu, aliinua mara nane akalala chini. Mimi nikafika nane sina neno. Nikausukuma mara ya tisa, mikono ikanyooka, namngoja mwalimu afungue kinywa.

Hapo akatokea babake mwalimu.

Mwalimu akambusu mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na shangazi yako wa Likoni, mguu wasemaje?"

Mguu wa shangazi ulikuwa na habari ndefu. Mtu hamkatizi babake, basi "Shusha" ikakaa kooni. Mabega yakawaka moto, na magoti yakaanza kuipiga ngoma ambayo bado sijapewa.

Mwishowe mzee akaniona. "Na huyu amekosa nini, hata akapewa adhabu hii?"

"Hakukosa, baba. Hapa tuna—"

"Msamehe."

"Sikukosa kitu, mzee," nikasema kwa sauti ya mbuzi.

"Masikini, na kubisha anabisha. Msamehe, mwanangu, kwa ajili yangu. Na usimbebeshe tena mizigo mtoto wa watu."

"Inshallah, baba," mwalimu akasema. "Shusha."

Nikashusha. Tisa, wallahi.

"Haya, muombe radhi mwalimu wako," mzee akaniambia.

Nikaomba radhi kwa kuwa na nguvu.

Kesho yake nikaenda kuidai ngoma yangu. Mwalimu hakuniangalia usoni. "Tisa umetimiza, sikatai," akasema. "Lakini nimemuahidi baba sitakubebesha tena kitu kizito, na siku ya gwaride atakuwapo."

Akafungua kabati, akanipa filimbi.