Mabega ya Mtu Mwingine

Wanafunzi wake walimwita Tazama Tena, naye alijua. Katika miaka yote aliyofundisha kuchora watu kwa rangi, kwenye chumba kirefu juu ya duka la vioo, hayo ndiyo maneno yaliyomtoka mara nyingi kuliko mengine yote. Mkono umezidi urefu? Tazama tena. Kichwa kimekaa juu ya shingo kama sufuria jikoni? Tazama tena. Siku hizi aliyasema akiwa ameegemea ukuta, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

Alikuwa amechoka. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alimwinua dada yake mkubwa kitandani, akamwogesha, akamvisha na kumketisha kwenye kiti cha dirisha la jikoni, kwa sababu miguu ya dada ilikuwa imegoma tangu mwaka uliopita. Jioni alimrudisha kitandani. Katikati ya hayo mawili alifundisha.

Hata hivyo, mwaka huo alikuwa amechora picha. Nyumba moja ya maonyesho ilimpa nafasi ya picha moja tu, nafasi ambayo hakuwa ameipata tangu alipokuwa kijana, na siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa Ijumaa. Alimchora dada yake amekaa pale dirishani. Aliamini kwamba ndiyo picha bora aliyowahi kuichora. Aliamini tu, maana hakuwa na wa kumuuliza. Yeye ndiye aliyewaambia wengine makosa yao. Makosa yake angeambiwa na nani?

Kwa hiyo siku ya Alhamisi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Darasa lilikuwa limepewa kazi ya kumchora mtu wa nyumbani akiwa amekaa, na picha zilipangwa ukutani bila majina ili zijadiliwe. Mwalimu alifika mapema, akaiingiza yake katikati ya zile za wanafunzi.

Kikao cha maoni kilikuwa na sheria zake. Anayesema aanze na kile anachokiona, kisha aonyeshe mahali jicho linapokwama, kisha ataje kitu kimoja cha kujaribu. "Mbaya" hayakuwa maoni, na "nzuri" vilevile. Mwenye picha naye hakuruhusiwa kufungua mdomo mpaka wenzake wamalize. Sheria hii aliiweka mwalimu mwenyewe baada ya kuchoshwa na visingizio. "Hutaifuata picha kila inapotundikwa ukaitetee," aliwaambia.

Walianza na picha ya mwanamume mnene.

"Namwona baba amekaa," alisema mama mwenye saluni.

"Amekaa wapi?" akadakia Mzee Posta, aliyestaafu kazi ya kupeleka barua. "Mbona kiti kimemkataa? Kinamwambia shuka!"

Wakacheka. Mwenye picha, ambaye bila shaka ndiye aliyekuwa ameng'ata midomo pale nyuma, akanyamaza kama sheria inavyotaka.

Ikafuata picha ya mwalimu. Aliyesimama kusema alikuwa kijana fundi wa simu, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Twiga. Wiki iliyopita mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya wote: "Watu wako wote wana shingo yako. Mkono hupenda kuchora mwili unaoujua, yaani wako mwenyewe. Tazama tena." Kijana alinuna siku nzima.

Sasa aliisogelea picha, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Namwona mama mtu mzima dirishani," alisema. "Mikono yake inaongea. Ukiisikiliza, utacheka. Lakini nikipanda juu, nakwama. Mabega haya si ya mwenye mikono hii. Ni mabega ya mtu aliyebeba kitu siku nzima na bado hajakitua." Akayanyooshea mabega kidole. "Nadhani mchoraji amejichora mwenyewe. Pole, ndugu, yeyote uliye. Mimi pia niliambiwa."

Kwa kawaida hapo mwalimu ndiye aliyedakia, akauliza nani ana la kuongeza. Darasa likamsubiri. Hakusema kitu.

"Mwalimu, tuendelee?" aliuliza mama mwenye saluni.

Mwalimu aliendelea kuegemea ukuta.

Mzee Posta akaitazama picha, akamtazama mwalimu alivyoegemea ukuta, akairudia picha. "Eh," akasema. "Eh, jamani."

Twiga naye akaelewa. Mkono ukamwendea shingoni. "Mwalimu," akasema, "mimi... shikamoo."

"Umechelewa!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na chumba kizima kikaangua kicheko. Hata mwalimu mdomo ulimcheza.

"Tulieni," alisema Mzee Posta. "Sheria ni sheria. Mwenye picha hasemi, na wewe, Twiga, hujamaliza. Hujataja cha kujaribu."

Kijana aliigeukia picha. "Ningekwangua mabega," alisema polepole. "Mikono nisiiguse. Halafu nimwombe huyo mama akae tena. Lakini nikae mimi kwanza, nipumzike, ndipo nimtazame."

"Asante," alisema mwalimu. Kisha akaongeza, "Picha inayofuata."

Alirudi nyumbani na picha yake, jua likiwa bado linaingia jikoni. Dada alikuwa dirishani, akibishana na mtangazaji wa redio.

"Umerudi nami kwapani?" aliuliza. "Si ulisema nakwenda kutundikwa?"

"Dada, niambie kweli. Huyu ni wewe?"

"Mikono ni yangu."

"Na mabega?"

Dada alipunguza sauti ya redio. "Nilikuona umefurahi, nikasema niache. Ni yako, mdogo wangu. Nayaona kila asubuhi unaponiinamia." Kisha akacheka. "Mimi nina miguu mibovu tu. Mabega yangu mazima, usiniongezee ugonjwa!"

Mwalimu aliiegemeza picha mezani. Rangi ya mafuta haikauki kwa siku moja, na kule kwenye maonyesho hawakupokea picha mbichi. Alilijua hilo tangu akiwa njiani. Alitandaza gazeti, akachukua kisu cha rangi na kuanza na bega la kushoto. Rangi ilikuwa bado laini chini ya ganda lake, ikabanduka vipande vipande. Akamaliza la kulia.

Kisha akaweka kisu chini, akavuta kigoda na kukaa.

"Mbona huchori?" aliuliza dada.

"Nimekaa kwanza."

"Haya, kaa." Dada akaongeza tena sauti ya redio. "Wewe naye, unadanganya watu!" alimfokea mtangazaji, na mabega yake yakapanda juu mpaka karibu na masikio, kisha yakashuka.