Herufi Ishirini za Mutua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya chakula cha msaada pale Kitui, Mkuu wa Kompyuta aliniuliza swali moja tu. "Wewe ni mtu wa kunakili?" Nikajibu, "Hapana, mzee." Kumbe nilikuwa namdanganya.

Programu yetu ya C ilikuwa na faili nyingi. Moja iliingiza majina ya wenye njaa, nyingine ilichapisha orodha za kugawa mahindi. Kitu kinachotumiwa na faili zote hutangazwa mara moja tu, kwenye heda, ile faili ya .h, kisha kila faili huiita kwa #include. Mimi kwa haraka zangu nilinakili maelezo ya mtu kwenye kila faili: namba ya kijiji, herufi ishirini za jina, idadi ya watoto. Ikafanya kazi, nikajiona fundi.

Lakini Ukambani Mutua mmoja hatoshi. Watoto tunawapa majina ya babu zao, na kijiji kimoja kina Mutua Musyoka watano. Mkuu akataka majina matatu kwa kila mtu. Nikaongeza herufi zikawa arobaini kwenye faili ya kuingiza. Ile ya kuchapisha nikaisahau. Kompaila, ile programu inayotafsiri maandishi yetu kwa lugha ya mashine, haikulalamika, maana husoma kila faili peke yake. Faili ya kuchapisha ikawa inapima kila mtu kwa herufi zile ishirini za zamani, ikikata watu katikati, na wengi wakapotea.

Orodha ya kijiji cha Kambu ilitoka fupi. Niliiona. Nikasema labda kule mvua imenyesha na wenye njaa wamepungua, nikaituma.

Malalamiko yalipofika, Mkuu hakupiga kelele. "Andika heda moja. Kisha uende Kambu, ukawasomee majina kwa mdomo wako."

Nikaandika, nikaizungushia #ifndef isisomwe mara mbili, nikaenda. Mama mmoja mzee akaniuliza, "Mwanangu, ile mashine ilisema mimi si mtu?"

"Mwaitu," nikamwita, kama Wakamba tunavyomwita mama, "ni mimi nilikosea, si mashine."

"Haya. Lakini mbegu tumeshapika."

Alikuwa amezihifadhi azipande mvua ikija. Niliona aibu ambayo haijanitoka.

Sasa nimestaafu. Vijana niliowafundisha hucheka jinsi nilivyokuwa mkali juu ya heda, na mimi huwaacha wacheke. Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri sana. Kambu yote ilipanda, isipokuwa wale niliowaruka.