Ndoo ya Vichwa

Kuku uliyemla Jumapili iliyopita, kichwa chake ulikiona?

Usijibu haraka. Paja uliliona, shingo uliiona, firigisi uligombania na shemeji yako. Swali ni la kichwa. Pale Tabora mjini wapo wengi ambao wangeulizwa hivyo wangekodoa macho, na Tobias angekodoa pamoja nao, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia.

Mgahawa wake uko Mtendeni. Ni chumba kimoja na kibaraza, na nje ameegemeza kibao alichokiandika kwa mkono wake: KUKU WA KIENYEJI HALISI. Hilo neno la mwisho ndilo lililomlisha. Majirani zake waliuza kuku kwa bei ya chini, naye aliuza ghali, na bado madereva wa malori, walimu na watu waliotoka misa ya pili walimjazia viti. Walilipa bila kunung'unika. Mtu akila kwa Tobias alitoka akijipapasa tumbo kama aliyefanya jambo la heshima. Tobias naye aliamini kwamba sahani ya kuku ni ahadi. Mama yake alimfundisha hivyo kule Sikonge: mgeni ukimchinjia kuku umemwambia yeye ni nani kwako, na ukimpa kuku mbovu umemwambia pia.

Sasa, kuna desturi mjini hapa, nayo ni njema. Nyama ya kuuza huchinjwa na Mwislamu, ili kila atakayeketi mezani ale bila wasiwasi. Tobias ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, na desturi hiyo huishika kuliko wengi. Kwa hiyo kuku wake waliletwa kutoka sokoni, kwenye kibanda cha Jilala, wakiwa wamekwisha kuchinjwa, kunyonyolewa, kutolewa matumbo na kukatwa vichwa na miguu. Walifika kwenye ndoo yenye mfuniko, safi, tayari kwa sufuria. Nani alalamike akiletewa kazi iliyokwisha nusu?

Lakini tangu kiangazi kilichopita jambo fulani lilikuwa likimkera. Kuku hawakuiva. Jiko la mkaa lilijazwa, likafa, likajazwa tena, na nyama bado ilimrudishia kijiko. Mchuzi ulikuwa mweupe kama maji ya kuoshea mchele, hauna harufu, mpaka autie viungo vya pakiti. Alipomuuliza Jilala, aliambiwa kuku wa kijijini ametembea sana, ana misuli, na kama anataka laini akanunue broila. Tobias akaona aibu kwa kuuliza.

Na wateja? Wateja walisifu. Hapo ndipo pa kutia kinyaa. Watu wa mji huu walipoletewa broila, wakaona nyama inavunjika mdomoni kama mkate uliolowa, wakajitungia sheria: laini ni broila, ngumu ni kienyeji. Basi. Wakaacha kunusa, wakaacha kuonja, wakaachia meno kazi yote. Mteja alivuta paja mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akapumzika, akavuta tena, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye kuku." Mji uliolisha misafara, ambao wapagazi walipoufikia walitua mizigo na kujua kuwa sasa watashiba chakula cha maana, leo haujui tofauti ya kuku na kandambili.

Asubuhi moja pikipiki iliyozoea kumletea ndoo haikutokea, Tobias akaenda sokoni mwenyewe. Jilala hakuwapo mbele ya kibanda. Akazunguka nyuma.

Nyuma palikuwa na beseni la maji yaliyokorogwa manjano, na ndani yake kuku walionyonyolewa wamelazwa ili ngozi yao iliyofubaa ipate rangi ya mafuta. Wengine migongo yao ilikuwa na makovu ya kusuguliwa na nyavu, na vifua vilivyochongoka kama kisu. Kando ya beseni ilikuwapo ndoo. Tobias akachungulia. Vichwa. Ndoo ilijaa vichwa mpaka juu, macho nusu wazi, nzi wakitembea juu ya vilemba vilivyopauka. Manyoya ya shingo yote rangi moja ya kahawia, kama yametoka kiwanda kimoja. Na midomo yote, mmoja baada ya mwingine, imekatwa ncha.

Hakuhitaji kuelezwa. Kuku wa kijiji hakatwi mdomo. Angedonoa kwa kitu gani? Wanaokatwa ni kuku wa mayai wa mabanda makubwa, ili wasiuane kwa kudonoana huko walikobanwa. Hutaga mpaka wanakwisha, na wakishakwisha huuzwa kwa bei ya takataka. Ndio hao aliokuwa akiwapika chini ya neno halisi.

Jilala alitoka na kisu mkononi, akamkuta bado ameinamia ndoo. Hakushtuka hata kidogo.

"Hawa ni kuku wa mayai," Tobias akasema.

"Ni kuku, bosi wangu. Si wana mabawa?"

"Nimewauzia watu kama wa kienyeji. Miezi yote hii."

"Na nani amelalamika?"

Mzee wa Kiislamu, mchinjaji wa pale kibandani, alikuwa upande wa pili akiosha mikono yake; yeye kazi yake ilikuwa kisu na jina la Mungu, biashara haikumhusu. Tobias akatoka bila ndoo. Hatua chache kutoka pale akashika ukuta na kutapika. Alimkumbuka dada yake Leonia, aliyejifungua wakati wa Kwaresima, na supu aliyompelekea kila jioni ili mwili urudi. Aliibeba kwa mikono miwili kama sakramenti. Maji ya manjano.

Siku hiyo hakupika kuku. Alipika maharage, wateja wakamtania kwamba amehamia shule ya bweni.

Mkewe Advera, ambaye hununua maharage Ulyankulu, ndiye aliyemtajia mama mmoja wa huko anayeitwa Spesioza. Kuku wake, alisema, watu hugombea. Tobias akafunga tenga nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Alimkuta Spesioza uwanjani kwake, mwanamke mkavu, mrefu, mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka wa sabini na mbili na kufyeka pori kwa mikono. Baada ya shikamoo na marahaba alimpa kigoda, na hakumuuliza shida yake mpaka alipokunywa maji. Pembeni ya mashamba ya mihogo palikuwa na vichuguu, na juu ya kila kichuguu chungu kikuukuu kimefunikwa mdomo chini. Ndani alishindilia mabua na samadi mbichi. Usiku mchwa hupanda kula, asubuhi yeye hubeba chungu na kukikung'uta uwanjani. Alikung'uta kimoja mbele ya Tobias, akiwaita kuku wake kwa Kirundi, na kuku wakaja mbio kutoka kila pembe ya shamba: wekundu, weusi, madoadoa, wenye shingo tupu, hakuna wawili waliofanana. Midomo mizima, yenye ncha kama sindano.

Tobias alisema anataka kuku wakubwa, majogoo waliokomaa. Alitaja ugumu ambao wateja wake waliuzoea. Yule mama akamtazama.

"Unataka kuku wa kula, mwanangu, au wa kutafuna?"

Kisha akamweleza kwa kifupi kwamba jogoo mzee ni wa kuwaamsha watu na kupanda mitetea. Wa kula ni kijogoo anayeanza kujifunza kuwika na mtetea ambaye hajataga. Nyama yao inashika mfupa lakini haikupigi vita. Bei aliyoitaja ilikuwa zaidi ya mara mbili ya Jilala, na Tobias alipoanza kuomba punguzo, mama akainuka na kwenda kuanua nguo zake. Alirudi baadaye na kumkuta bado ameketi. Tobias alilipa.

Jioni ile aliyoitumia kuwapika hao kuku haikuwa jioni ya kawaida. Parokia ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei, na mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa Mzee Masolwa wa Cheyo, karani mstaafu, mtu ambaye akisema chakula kina chumvi, mtaa mzima huomba maji. Masolwa na wajumbe wawili walikuwa wanakuja kuonja. Wakiridhika, Tobias angepika jubilei nzima, na jina lake lingepanda. Wasiporidhika, angebaki na maharage yake na kibao.

Aliwapeleka kuku sokoni wakiwa hai. Alisimama kando ya mzee mchinjaji mpaka mwisho, na vichwa akarudi navyo. Alipika kwa chumvi, kitunguu, nyanya na moto mdogo. Mchuzi ulitoa macho ya mafuta ya dhahabu bila kulazimishwa. Harufu ikatoka mlangoni, ikavuka barabara, mpaka fundi cherehani wa upande wa pili akasimamisha mguu wake juu ya pedali.

Masolwa alikula wa kwanza. Alikula paja, akafuata bawa, akalamba kidole gumba, akajimiminia mchuzi kwenye bakuli na kuunywa amefumba macho. Wajumbe walikuwa wakimsubiri yeye kama watoto wanavyomsubiri mwalimu. Ndipo akafumbua macho, akawaona, na pale pale uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekamatwa akicheka kwenye msiba.

"Tobias, kijana wangu," akasema, "umetuletea broila."

Wajumbe wakaweka mifupa chini.

Tobias alidhani anatania. Masolwa akaendelea kwamba meno yake hayajasumbuka hata kidogo, na kuku wa kienyeji sharti akubishie. Mjumbe mmoja akasema na yeye alikwisha kuhisi hivyo tangu mwanzo. Wa pili akasema ladha ilikuwa nzuri mno, lazima kuna dawa. Tobias akaingia jikoni, akatoka na sahani ya vichwa, akaiweka katikati ya meza. Aliwaonyesha midomo. Aliwaeleza habari ya ndoo ya Jilala, ya beseni, ya nyavu kwa hasira. Aliwaambia walichokuwa wakikisifu miezi yote hii.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo aliposubiri waone kinyaa kama yeye, hata kidogo tu. Mjumbe wa kwanza akasukuma sahani kwa kiwiko na kuuliza tangu lini watu wanakula vichwa. Masolwa akacheka, akamshika Tobias bega kwa upole wa baba.

"Wageni watatoka mpaka jimbo la jirani. Wakikuta nyama laini watasema Tabora tumewalisha broila. Rudi kwa kuku wako wa zamani, na jubilei ni yako. Asubuhi niletee jibu nyumbani."

Kisha akatazama sufuria, iliyokuwa bado na zaidi ya nusu, na akaomba afungiwe hiyo iliyobaki. Ya mbwa, alisema. Haifai kumwaga chakula.

Tobias akaifunga yote, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Nyumbani Advera hakumlaumu wala hakumpongeza. Alimwambia jambo moja tu, kwamba watu wanaotaka kutafuna wapewe watafune, na kuku wa Spesioza wawale wao wenyewe nyumbani Krismasi. Lilikuwa neno la akili, na hilo ndilo lililomuudhi. Alijua kabisa jinsi ilivyo rahisi. Ndoo ingekuja na mfuniko wake, asingehitaji tena kuzunguka nyuma ya kibanda, na hakuna ambaye angelalamika. Mpaka alfajiri alikuwa amekwisha kupanga maneno ya kukubali. Aliyarudia akivaa viatu. Yalikuwa machungu mdomoni kama shubiri, lakini yalikuwa yamekamilika.

Akaelekea Cheyo kwa miguu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa mabati. Nyumba ya Mzee Masolwa ina ua wa michongoma, na mtu akija kwa njia ya uani humwona mwenye nyumba kabla hajaonwa.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, amegeuzia barabara mgongo. Mbele yake ilikuwapo sufuria iliyopashwa moto, bado inatoa mvuke, na harufu yake Tobias aliitambua kabla hajaona kitu. Masolwa alikuwa akila kwa mikono yote miwili. Alivunja mfupa kwa meno, akaufyonza mpaka ukalia, akautazama kwa mwanga kama kuna kilichobaki, akaufyonza tena. Alichukua kipande cha chapati na kupangusa sufuria kwa mzunguko, taratibu, mtu asiyetaka kupoteza hata tone. Mbwa alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale, kidevu kwenye mchanga, akifuata kila mkono ulioinuka.

Maneno yote ambayo Tobias alikuwa ameyapanga yakamtoka kichwani.

"Shikamoo, Mzee."

Masolwa alishtuka. Akaisukuma sufuria chini ya kiti kwa kisigino, akafuta midomo kwa kiganja, akageuka nusu.

"Marahaba. Umewahi."

"Nimekuja na jibu. Kuku wa Jilala sipiki, wala kwa jubilei wala kwa mtu yeyote."

Mzee alifungua mdomo, na mafuta yaling'aa kwenye kidevu chake. Kabla hajasema lolote, mbwa akainuka, akaja mpaka kwenye kiti na kuchomeka pua chini yake.

Masolwa akampiga teke.